Siku Binti Yangu Alipomsahau Mdogo Wake

Mimi ni mwoga wa ziwa, na nimezaliwa Ujiji. Wanaonicheka wanicheke. Asubuhi ile nilikuwa nafua ufukweni, na binti yangu wa miaka tisa nilimwachia mdogo wake, anayeanza kutambaa, ampakate, kama sisi sote tulivyopakatishwa wadogo zetu mama zetu wakifua. Nilipoinua kichwa, binti alikuwa kule juu mchangani, anawatazama wanawake wakigeuza dagaa juani. Mikono yake mitupu.

Niliita. Hakusikia. Nikakimbia huku nikitazama maji tu. Mtoto alikuwa amekaa ukingoni, wimbi linamfika kiunoni, anakula mchanga. Nilimbeba, nikakaa naye chini palepale.

"Nilimweka kidogo tu, mama," binti alisema. "Nilikuwa narudi." Akalia, na hakikuwa kilio cha kuogopa fimbo.

Majirani walishamhukumu zamani. Mmoja alisema ana jini, akasomewe. Mwingine akanirushia ile ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nikamjibu vibaya, na sijuti. Mwalimu wake naye alikuwa ameniambia kwamba anaelewa vizuri, ila huanza hesabu akaiacha katikati, akili imeshaenda dirishani.

Nikampeleka hospitali, nikiogopa nitakachoambiwa. Daktari aliagiza apimwe masikio kwanza, yakawa mazima. Kisha akauliza: ilianza lini? Nyumbani na shuleni ni vilevile? Husahau akitumwa hata mambo mawili? Nilijibu tangu mdogo, kisha ndiyo, ndiyo. Akasema ni tatizo la umakini, si ukaidi, na viboko haviliondoi. Apewe kazi moja moja, kwa maneno mafupi, mtu mzima akiwa karibu. Nilishusha pumzi. Tulipotoka nje nikaliona ziwa, hofu ikarudi palepale.

Jumamosi iliyofuata nilimketisha kando ya beseni langu, goti lake limegusa langu. Nikamwambia ampakate mdogo wake, kazi hiyo tu. Hakunyoosha mikono.

"Na wewe ukigeuka, nikamsahau tena je, mama?"

Nilimwekea mtoto mapajani, nikaishika mikono yake yote miwili juu ya tumbo la mdogo wake, na nguo zikabaki kwenye povu.