Kinanda cha kujipiga kilivyomtoa mwalimu wa kwaya pale Makere

Wakuu, salamu kwenu wote wa jukwaa hili la muziki.

Naona vijana mnagombana humu eti kinanda kinajipiga kivyake, software inarekodi kivyake, haviendi pamoja. Poleni. Mimi babu yenu hilo lilinikuta miaka ya sabini, na hapa siongezi chumvi.

Nilikuwa mwalimu wa serikali pale Makere, Kasulu, mtu wa kuja. Nina redio kaseti mbili, basi nikajiona mhandisi.

Misheni moja mjini walikuwa na kinanda cha umeme. Ukishikilia vidole vitatu tu, chenyewe kinadonoa noti moja moja kwa beat yake. Nikakirekodi, nikarudi Makere.

Mpango: redio ya kwanza icheze kinanda, kwaya ya kanisa iimbe juu yake, ya pili irekodi vyote. Kanda ipelekwe redioni!

Betri zilikuwa adimu. Zangu zimechoka, nikazianika juani kama kila mtu. Zikapata nguvu kidogo.

Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, kwaya ikakitangulia kinanda. Tukarudia mara nne, yaleyale.

Barnaba, mwalimu wa kwaya, mkulima aliyekimbia vita Burundi, akashusha mkono.

"Yebaba we! Mwalimu, kinanda kinachoka. Na sauti inashuka."

Nikacheka mbele ya kwaya nzima.

"Mashine haichoki, Barnaba. Wewe ndiye unakimbia."

Wazee wa kanisa walikuwepo, wakamwamini msomi. Jumapili wakamtoa, wakaniweka mimi. Kwaya ile aliianzisha yeye, na tangu avuke mpaka hakuwa na kingine cha kujivunia. Akaenda kukaa safu ya besi.

Wiki mbili baadaye nikapata betri mpya. Kinanda kikaenda mwendo uleule wa mkono wa Barnaba, mwanzo hadi mwisho. Niliona aibu, wakuu, masikio yakawaka moto.

Nikamfuata shambani, anapalilia maharage. Nikamweleza ukweli wote.

"Ego, ndiyo, nimekusamehe. Na wale ulionicheka mbele yao, utawaambia lini?"

"Jumapili," nikasema.

Ijumaa ikafika barua ya uhamisho: Kibondo, niripoti mara moja. Sijawahi kuitii serikali haraka vile. Jumamosi asubuhi nilikuwa juu ya lori.

Nilichojifunza: mtambo ukigombana na mtu, kagua mtambo kwanza. Na ukimwaibisha mtu hadharani, usimwombe radhi shambani.

Kama humu yumo mjukuu wake, nasema mbele ya wote: Barnaba hakukimbia. Haya, nishambulieni, nipo nasoma.