Vidonge vya siku mbili

Tangu milango ya biashara ifunguliwe, hapa Tanga hata aliyekuwa akiuza vitenge juzi, leo anauza dawa. Wiki iliyopita nilisimama kwenye duka la mmoja wao. Mbele yangu alikuwapo mama aliyetoka Maramba, ameshika cheti cha daktari, akieleza kilichoandikwa: mumewe ana nimonia, apewe ampisilini ya siku saba.

Muuzaji hakukisoma cheti. Alichukua mkasi, akakata vidonge vya siku mbili.

"Homa ikishuka, aache. Dawa nyingi zinachosha mwili."

Nyuma yangu bibi mmoja, muuguzi mstaafu, alisonya.

"Homa hushuka kwa sababu vijidudu dhaifu vimekufa," alimwambia yule mama. "Vile vikaidi vingali hai kifuani. Akiacha dawa vitazaana, na safari hiyo dawa hii huenda isivitishe. Amalize siku zote saba, mwanangu, hata akijiona mzima."

"Bibi, siku hizi biashara ni huria," muuzaji alisema.

"Kwani mapafu ya mume wake nayo ni bidhaa?"

Yule mama alivirudisha vidonge juu ya meza, akamwomba bibi ampeleke kwenye duka lenye mfamasia. Wakatoka pamoja.

Ruhusa ya kuuza tumeipata. Kukijua tunachokiuza tumeona ni usumbufu. Muuzaji hakutahayari hata kidogo. Alinigeukia akitabasamu, akauliza naumwa nini.

Nilikuwa na jipu shingoni, linapwita. Nikamwambia mimi mzima kabisa.