Mwanamume wa Miaka Kumi na Mitano

Sheria ilisema kesi ya mtoto isikilizwe faraghani. Nilijua hivyo kwa sababu nilinunua kitabu cha sheria kisicho na jalada sokoni Giakanja, nikakisoma peke yangu na kamusi, neno kwa neno, nikiogopa kuruka hata moja. Kitabu hakikueleza namna ya kumfanya kijana wa kwetu akiri kwamba ni mtoto.

Ndugu yangu mdogo alikuwa na miaka kumi na mitano. Alivunja dirisha la duka akaiba redio, na hakukana. Akihesabiwa mtu mzima, angekwenda jela kubwa pamoja na majambazi. Akihesabiwa mtoto, angepelekwa shule ya kurekebisha tabia, afundishwe useremala. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru ni wachache waliokuwa nacho. Basi hakimu akamuuliza mwenyewe.

"Wewe ni mtoto au mtu mzima?"

Akageuka kutazama benchi la nyuma. Pale walikaa vijana aliotahiriwa nao Desemba iliyopita.

"Mimi ni mwanamume."

"Huyo ndume!" wakapiga kelele.

Nilitaka kulia kwa hasira. Ili watu watolewe nje, ilibidi kwanza awe mtoto. Na ili awe mtoto, ilibidi aseme hivyo mbele ya watu wale wale.

Akaitwa mama. Asubuhi ile tulikuwa tumefanya mazoezi ya kusema "ni mtoto" jikoni hadi akachoka nami. Akaapa, naye akalitazama benchi la nyuma.

"Ni mwanamume, mzee. Tulimchinjia mbuzi."

"Mama, sikuulizi habari ya mbuzi."

"Lakini kijana akitahiriwa, mama yake hawezi kumwita mtoto mbele ya watu. Kwani wewe, mama yako bado anakuita mtoto?"

Korti nzima ikacheka, isipokuwa hakimu na mimi.

Hakimu akaagiza daktari amkague meno, akadirie umri wake. Tuliporudi, daktari alikuwa amekwenda Mweiga. Kesi ikaahirishwa. Tuliporudi tena, daktari yupo, lakini askari wamesahau kumleta mshtakiwa. Ikaahirishwa. Muda wote huo ndugu yangu alilala rumande na watu wazima, huku serikali ikitafuta kujua kama inafaa alale na watu wazima!

Mwishowe barua ya daktari ikasomwa: kijana huyu ana miaka kati ya kumi na mitano na kumi na tisa. Hakimu akavua miwani, akafuta uso.

Nikasimama. Nilikuwa na hotuba safi kichwani, niliyoisahihisha mpaka koma zake. Haikutoka hata sentensi moja.

"Mheshimiwa, mimi ni dada yake. Alizaliwa nikiwa darasa la nne. Nilikosa mtihani kwa sababu ya kumbeba mgongoni. Ni mtoto. Hata huyo mbuzi wake, alimlilia alipochinjwa."

Benchi la nyuma likaangua kicheko. "Ati alimlilia mbuzi!" Ndugu yangu aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva.

Hakimu akaniuliza darasa la nne nilikuwa mwaka gani. Nikamjibu. Akahesabu, akaandika, kisha akaamuru watu wote watoke, kwa kuwa kesi hii ni ya mtoto. Vijana walitoka wakilia kama mbuzi.

Akapelekwa shule ile. Nilikwenda kumwona kwa hofu, kwa maana kwetu dada hamvunjii heshima kaka aliyetahiriwa, na mimi nilikuwa nimemvunjia mbele ya rika lake lote. Alikaa mkabala nami, ananuka maranda ya mbao.

"Vijana umewaambia niko wapi?" akauliza.

"Jela kubwa. Nimewaambia hakimu alibadilisha mawazo."

"Na majambazi?"

"Na majambazi."

Akapangusa vumbi la mbao mikononi.

"Waambie nimefungwa minyororo," akasema, kisha akaniuliza kama nimemletea maandazi.