Maji ya Mfereji wa Alunguli

Kazi yangu ni kuchota maji machafu. Nasema hivyo bila kupindisha maneno, maana majirani wameshapindisha ya kutosha. Wananiita mama wa mavi, nami naitika, kwa sababu nina hasira za karibu na nikianza kuwajibu hatutamaliza leo. Kindu hatuna mabomba ya kubeba uchafu chini ya ardhi. Maji ya bafu, ya kufulia na ya vyoo vilivyojaa yanateremka katika mifereji iliyo wazi, na humo ndimo ninamochota, lita moja, asubuhi watu wakiwa wametoka kuoga. Chupa inaingia kwenye sanduku la barafu, inapanda ndege kwenda Kinshasa, na huko wanatafuta kirusi cha polio na kuangalia ni cha aina gani, kile cha zamani au kilichojigeuza. Mtoto anaweza kukibeba tumboni huku anacheza vizuri tu, lakini choo chake kinakitoa, kwa hiyo mfereji unajua kabla ya mama yake.

Wakati wa vita hakuna aliyechota chochote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tulipokimbilia msituni, upande wa njia ya Punia. Mama alibeba sufuria na mihogo, mimi nikambeba mdogo wangu wa kike, ambaye hata miaka miwili hakuwa ametimiza. Huko msituni alishikwa na homa, na homa ilipoondoka mguu wake wa kushoto ukabaki unaning'inia. Nilifikiri ni mimi. Nilifikiri nilikaza mno kikwembe cha kumbebea, nikauua mguu kwa kuogopa asidondoke. Sikumwambia mtu. Niliishi na hilo peke yangu mpaka nilipofundishwa kazi hii, mwalimu alipoeleza jinsi polio inavyoanza kwa homa, kisha mguu unalegea. Nilitoka nje nikalia. Niliporudi darasani nilikuwa nimekasirika, kwa kuwa chanjo ilikuwepo duniani siku zote hizo.

Mdogo wangu, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, sasa anaishi Alunguli, ng'ambo ya mto. Anatembea na fimbo, anauza samaki, ana binti wa mwaka mmoja na nusu, na wanawake wa mtaa wake wanamsikiliza yeye kuliko wanavyomsikiliza shefu, mkuu wa mtaa. Mfereji mmoja kati ya ile ninayochota unapita nyuma ya nyumba yake.

Mwaka huu kirusi kilionekana katika maji ya upande wetu, karibu na soko. Ya Alunguli yakarudi hayana kitu. Mara ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Ofisi ya afya wakaamua chanjo, yale matone ya mdomoni, ianzie kwetu, Alunguli wangoje. Nami, mjinga, nilifurahi. Nilimsifu hata mdogo wangu kwamba maji yao ni safi kuliko yetu. Alicheka, akaniongezea samaki.

Mara ya nne nilivuka mapema kuliko kawaida kwa sababu ndege ilikuwa inawahi. Nilikuta wanawake sita wameinama mferejini na mafagio, na mdogo wangu kitini akiwaelekeza. Mkononi alikuwa na chupa ya javel, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, anaimwaga majini bila uchoyo.

"Munafanya nini?" nikapiga kelele.

"Mbona unafika mbio hivi, yaya? Hatujamaliza!" Alikuwa ameudhika kama mpishi aliyekutwa chakula hakijaiva. "Tunakutengenezea."

"Kila mara?"

"Kila mara. Muntu ya Leta anakuja kwetu, tumuachie maji yenye kunuka? Na ile muntu njo wewe, yaya yangu. Aibu ingekuwa yetu."

Kwetu ndivyo ilivyo, mgeni wa serikali akitangazwa tunafagia mpaka mbele ya jirani. Hata mimi ningefagia. Lakini asubuhi ile nilimgombeza mbele ya wenzake. Nilimwambia javel inaua kirusi, tunatafuta uchafu na si usafi, na kwa ajili yake watoto wa Alunguli wamewekwa nyuma. Nilisema mengi ambayo mpaka sasa yananiuma. Wanawake waliweka mafagio chini. Mdogo wangu alimtafuta binti yake kwa macho, akamwona ameketi ukingoni mwa mfereji, mikono imelowa, akamwita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilikaa kando yake. Hasira ilikwisha, nikaona aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimtangazia siku za kuja, na pua yangu ilinusa javel mara tatu nikadhani kuna mtu anafua.

Mfereji uliachwa wiki mbili bila kuguswa, ukanuka kama inavyotakiwa. Jibu likarudi: kirusi kimo. Nilivuka kumwambia mwenyewe. Nilimkuta anamenya mihogo, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Yaya, wakati ya vita, kama muntu angechota maji yetu, wangejua?"

"Wangejua."

"Na wangekuja?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Nikakumbuka njia zilizofungwa, reli iliyonyamaza, na sisi kule msituni ambako hakuna aliyejua tuko. Nikamwambia hapana, hakuna ambaye angekuja.

"Na sasa?"

"Wanakuja siku ya posho, Jumamosi hii."

Aliweka kisu chini, akamvuta binti yake mapajani, akampangusa pua.

"Wakifika, kinywa nitamufungulia miye mwenyewe," akasema.