Ndege za Kwenye Kioo

Nilibaki yatima nina miaka kumi na mitatu. Darasa la nne nikaliacha hapohapo, na bibi mzaa mama akanilea kule Mnyambe kwa jembe lake na mihogo. Kwa hiyo, mwanangu, haya sikuyasoma. Yalinipiga.

Juzi kijana mmoja kanionyesha kwenye simu mashine ya zamani ya mchezo wa ndege za vita, akasema zimebaki chache mno, watu wanazisaka kama madini ya Tunduru. Mashine ya namna hiyo niliilinda mimi, Newala mjini, dukani kwa tajiri mmoja mwenye jenereta. Kwa kulenga hakuna aliyeniweza, na nilitaka bibi alione hilo. Siku ya gulio nikamshika mkono, nikamwingiza dukani.

"Haya, mume wangu," akasema, "nionyeshe huyo mke mwenzangu anayekuchelewesha kurudi."

Nikaanza. Ndege yangu inapita juu, chini vijumba. Nadondosha mabomu, vinawaka. Mara nikavutwa mguu. Bibi yuko sakafuni, uso kama majivu, ananifunika kwa kanga yake. "Lala chini. Lala, watakuona."

Vijana wa pale dukani wakaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Bibi alivuka Ruvuma na mama yangu mgongoni, akizikimbia ndege za Mreno. Hilo nililijua, kila mtu alilijua. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka sikuwahi kumwona.

Aliinuka polepole, akakitazama kile kioo muda mrefu.

"Kumbe kwa juu tulikuwa wadogo hivi," akasema. "Ndiyo maana mjomba wako hawakumwona kuwa ni mtoto."

Sikuwa najua kwamba nilipata kuwa na mjomba. Na kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mlango wake. Wangu nilijua habari zake siku niliyocheka kifo chake.

Cheza, mwanangu, sikukatazi. Ila kabla hujamwita mzee kwenye furaha yako, muulize alikopita. Na akishtuka pale unapocheka, usisimame kumtazama; lala naye chini.

Leo nina nyumba ya matofali, ekari sita za mikorosho Lupaso, kisima, mbuzi kumi na wawili na pikipiki. Hivyo nilivitafuta kwa mikono yangu. Msamaha wa bibi niliuomba kwa magoti, akanipa.

Mungu akupe umri, na akufungulie masikio kabla ya meno.