Mzee wa Kopo

Pale uwanjani Kigoma, mtunza uwanja tulimwita mzee wa kopo. Siku ya mechi hakutazama mpira hata kidogo. Alitazama midomo yetu. Ukiwasha sigara tu, kopo lake la mchanga limeshafika chini ya kidevu chako, na sauti kavu inasema, "Zima, au katoke getini ukavute." Diwani alizima. Kocha naye alizima, tena timu yake imeshafungwa mbili. Moshi wenyewe ulimkohoza mzee mpaka machozi yakamtoka, lakini hakuwahi kumruka mtu.

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipoletwa kwa meli kutoka Kagunga wakalazwa pale uwanjani, aliendelea kupita na kopo lake. Akamkuta bibi mmoja amekaa golini, anavuta kiko chenye mrija mrefu.

"Shikamoo, bibi. Humu hatuvuti. Katoke getini."

Bibi akajikongoja hadi getini, askari akamrudisha: mkimbizi haruhusiwi kutoka.

"Sasa nivutie wapi, mwana wanje?" akauliza, akimwita mwanangu kwa Kirundi.

Mzee wa kopo akakuna kichwa. Kisha akamkalisha bibi palepale ndani, akapenyeza kiko kati ya nondo za geti. Ncha ya mrija ikabaki mdomoni mwa bibi, tumbaku ikawa nje. Yeye akatoka, akachuchumaa upande wa pili, akakishika huku anakohoa. Upepo wa ziwa ulipovuma, akaweka kopo chini, akaukinga ule moto kwa viganja vyote viwili, usizimike.