Nukta moja iliyomuua mfalme wa Fumiyo

Saa moja na nusu asubuhi Fumiyo Igarashi amekwishafua, ameanika, amemfungia mumewe chakula cha shambani, na sasa anapuliza vumbi la mbao juu ya kete isiyozidi ukucha wa dole gumba. Kete imebanwa kwenye kibanio. Mkono wa kulia umeshika kisu na haujongei. Wa kushoto unakizungusha kibanio taratibu.

"Watu wanadhani kisu ndicho kinatembea," anasema bila kuinua macho. "Kisu kikitembea, umeharibu."

Mlango unafunguliwa bila hodi. Ni Nobue, mwenye duka la tambi la jirani, na bakuli la achari mkononi.

"Muuaji yupo?"

"Yupo. Na ukizidisha kelele utafuata wewe."

Nobue anacheka mpaka achari inamwagika. Hilo la "muuaji" ndilo jina ambalo mji wa Tendo umempa Fumiyo tangu vuli. Aliyeuawa ni mfalme wa mbao, na silaha ilikuwa nukta moja.

Fumiyo ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka ishirini na mbili amechonga kete za shogi, mchezo wa Kijapani wa ubaoni unaofanana na sataranji, katika karakana ya mwalimu wake, mzee Kuwajima, na katika miaka yote hiyo jina lake halikuwahi kuandikwa popote. Jina la mchongaji huchongwa chini ya kete ya mfalme, kwenye kitako chake, mahali ambapo mchezaji halioni mpaka aiinue kete. Pale liliandikwa jina la Kuwajima, hata kwa kete ambazo mzee hakuzigusa.

"Sikulalamika," anasema. "Nilikuwa najifunza, na watoto walikuwa wanakula."

Walikula kwa shida kidogo. Kwa miaka kumi na minne alipika katika jiko la shule asubuhi, akachonga mchana. Seti ya kete za mashine inauzwa yen elfu tatu dukani. Seti ya mkono, yenye herufi za laka, rangi nzito ya utomvu, iliyoinuliwa juu ya mbao hata kidole kikaisikia, inaweza kufika yen laki nane, lakini mchongaji mmoja hamalizi zaidi ya seti nne kwa mwaka, na si kila mwaka wanunuzi wanne wanapatikana.

Kazi hii mjini hapa ilianzishwa na njaa. Samurai wadogo wa Tendo, posho zao zilipopunguzwa, waliweka panga ukutani wakashika visu vya kuchonga kete. Mmoja wao alikuwa babu wa mababu wa mume wa Fumiyo, aliyeitwa Gonnosuke. Ghalani kwao kuna kasha, na ndani ya kasha kulikuwa na barua zake tatu kwa mkewe.

"Barua za mapenzi?" Nobue anauliza, ingawa jibu analijua.

"Mapenzi gani! Ya kwanza anaomba soya. Ya pili anauliza mbona soya haijafika. Ya tatu anasema wenzake wanamcheka, mkono wa upanga sasa unachonga vibao vya mchezo, lakini anaona fahari kwamba kete zake zinasimama wima."

Maandishi ya Gonnosuke ndiyo yaliyomkamata. Yameinama mbele kidogo, kama mtu anayepanda mlima kwenye theluji. Kwa miaka minne Fumiyo aliyanakili, akayasawazisha, na herufi ambazo hazikuwemo kwenye barua akazibuni kwa mkono uleule. Kisha akamwomba mwalimu ruhusa ya kutengeneza seti yake ya kwanza yenye jina lake.

Mzee Kuwajima, mwenye miaka themanini na mitatu, aliinuka. Alikwenda stoo akarudi na gogo moja la mbao ya njano lililokauka kwa miaka kumi na mitano, lenye mistari kama ya chui milia. "Linatosha kete arobaini," alisema. "Arobaini na moja haimo."

Kete zote arobaini za seti moja hutoka kwenye gogo moja, la sivyo mistari haioani, na mjuzi ataona akiwa mlangoni. Fumiyo alikata arobaini. Mabaki yalikuwa takataka.

Hapa yafaa kusema jambo ambalo kila mtoto wa Tendo analijua. Katika shogi kila upande una mfalme wake, lakini wafalme hao wawili hawaandikwi sawa. Kete ya mchezaji mwenye cheo cha juu huandikwa neno "mfalme". Ya mdogo wake huandikwa "kito". Kwa herufi za Kijapani maneno hayo mawili yanafanana kwa kila mstari, ila kito kina nukta moja ndogo pembeni.

Asubuhi moja ya Machi Fumiyo alikuwa amekwishamaliza kito. Alikuwa anamalizia mfalme, kete ya mwisho, wakati mumewe Tadao alipopaza sauti kutoka chumbani.

"Mama Haruna! Soksi zangu nene ziko wapi?"

"Droo ya pili!" alijibu. Na mkono, uliokuwa umetoka kuchonga kito, ukasukuma kisu.

Nukta.

"Nilikaa. Nikaitazama. Nikasema, Tadao, leo tembea peku."

Kuna njia ya kuziba shimo kwa unga wa mawe na laka, lakini kwenye mbao ile kovu lingeonekana daima. Kingine cha kufanya kilikuwa kuacha. Fumiyo hakufanya lolote kati ya hayo. Alijaza laka kwenye nukta kama alivyojaza kwenye herufi nyingine zote, akaiinua kwa brashi nyembamba kama unywele, akaziweka kete kwenye kabati lenye unyevu, maana laka hukaukia humo. Kwenye kitako cha kito kimoja akachonga jina la mwenye maandishi, Gonnosuke. Kwenye kingine, jina lake mwenyewe.

Mzee Kuwajima alipoletewa seti, alizipanga kete moja moja mpaka alipofika mwisho.

"Mfalme wako amekwenda wapi?"

"Nimemuua, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Soksi."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Vuli ile hoteli moja ya chemchemi ya maji moto mjini ingekuwa mwenyeji wa mchuano wa taji la shogi, wa siku mbili. Jioni ya kuamkia mchuano, kwa desturi, wachezaji huonyeshwa seti mbili na kuchagua moja. Waandaaji walikuwa wameomba seti mbili kutoka karakana yake: moja ya mwalimu, moja ya mwanafunzi.

"Ondoa yako," alisema. "Subiri mwaka mwingine. Watu watakucheka."

"Nimesubiri ishirini na mbili, Mwalimu. Nyingine sina."

"Na wakiirudisha?"

"Nitaibeba nyumbani. Si nzito."

Jioni ile ukumbi ulijaa. Wachongaji hukaa nyuma, ukutani, na hawasemi. Mbele walipiga magoti bingwa Hatano, mwenye miaka ishirini na minne, na mpinzani wake Mashiko, mwenye hamsini na sita. Mji mzima ulijua kinachowaunganisha: Mashiko ndiye aliyemfundisha Hatano shogi, tangu akiwa na miaka sita. Sasa mwanafunzi alikuwa bingwa, na mwalimu ndiye aliyekuja kuomba taji.

Walianza na seti ya Kuwajima. Ilikuwa nzuri, kama zote. Waliigusa, wakainama, wakashukuru. Kisha wakaufungua mfuko wa hariri wa Fumiyo. Mashiko aliinua kete ya farasi, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Hii naisoma bila miwani," alisema. "Nani kaandika? Anaonekana ana haraka lakini hana wasiwasi."

Hatano alikuwa akipanga upande wake. Akachukua kete kubwa. Akaichukua na nyingine. Akaziweka pamoja kwenye kiganja: zote mbili zilikuwa na nukta.

Mwandaaji mmoja alijongea kwa magoti, uso umemshuka. "Tunaomba radhi sana. Inaonekana kuna hitilafu katika—"

"Si hitilafu yao." Sauti ilitoka ukutani. Fumiyo anasema hakuamua kusema; alijikuta anasema. "Ni kosa langu mimi. Mkono ulisukuma kisu. Mbao ya kubadilisha haikuwepo, na kuziba sikutaka. Vito viwili, mfalme hayupo. Mkiona haifai, rudisheni."

Tadao, aliyekuwa karibu na mlango, anasema alitamani sakafu immeze.

Hatano hakumtazama mwandaaji. Alimgeukia Mashiko.

"Mwalimu, nimecheza nawe mara tano tangu nipate taji. Kila mara nachukua mfalme, wewe unachukua kito, na moyoni nakuwa nimeshakuinamia kabla hata mchezo haujaanza."

"Najua," alisema Mashiko. "Ndiyo maana mara mbili nilikushinda."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mashiko alichukua kito kimoja kutoka kiganja cha mwanafunzi wake, akakiweka upande wake wa ubao, pa!, kama mtu anayefunga mlango.

"Kesho hakuna wa kumwinamia mwenzake. Tutumie hii."

"Tutumie hii," alisema Hatano.

Ukutani, mzee Kuwajima alijivuta hadi ubavuni mwa Fumiyo. Kisha akamwinamia sikioni, na kwa sauti ambayo safu nzima iliisikia akasema, "Miaka sitini kazini. Nimeshindwa na soksi."

Fumiyo anasema hapo ndipo alipolia, na wala haoni haya kulisema.

Hatano alilitetea taji lake, kwa tofauti ndogo sana. Mchuano ulipomalizika, wote wawili waliandika majina yao kwa brashi ndani ya kifuniko cha sanduku la kete. Hotelini waliiomba seti ibaki pale kwenye kabati la kioo. Aliwauzia kwa bei ile aliyoipanga tangu mwanzo, hakuongeza hata yen moja.

Tangu hapo barua zimekuwa zikija. Nyingi zinataka kitu kimoja: seti ya vito viwili, kama ile. Fumiyo huwajibu wote vilevile, kwamba maandishi ya Gonnosuke yapo, laka ipo, lakini mfalme atakuwepo.

"Ukosee mara ya pili makusudi?" anasema. "Huo ni uongo. Lile lilitokea. Nililisema mbele za watu, likaisha."

Wiki iliyopita alinunua gogo lake mwenyewe, la kwanza maishani. Ni jipya, bado linanuka utomvu, na halifai kuguswa na kisu kabla ya miaka kumi. Amelilaza kwenye rafu ya juu na kuandika tarehe kwa kalamu ya risasi. Atakuwa na miaka sitini na minne siku ya kulipasua.

"Mwalimu alikuja kuliona jana," anasema, akiirudisha kete kwenye kibanio. "Akaniuliza, litatosha ngapi? Nikamwambia arobaini na moja. Safari hii nakata wafalme watatu, mmoja wa akiba, na Tadao atafute soksi zake mwenyewe."